Mwalimu Aliyetufundisha Kufinya Macho

Mwalimu wetu wa usanifu wa michoro alikuwa akiingia darasani kama mtu aliyetoka kupanga foleni mahali pengine. Aliweka mkoba mezani, akavua kiatu cha mguu wa kushoto, ule uliokuwa ukimvimba, akaketi, akatuangalia mmoja mmoja. Halafu alisema, "Haya. Nyinyi mmechoka na mimi nimechoka. Tufanye kazi." Kwa muda wote niliosoma kwake katika kile chuo kidogo cha ufundi pale Machakos mjini, sikumbuki siku aliyoanza somo kwa neno lingine. Na bado ndilo somo ambalo hakuna aliyelikosa.

Kompyuta zetu zilikuwa chache na nzito, na umeme ulikuwa na tabia zake. Walimu wengine umeme ukipotea waliturudisha nyumbani. Yeye alivaa kiatu chake na kusema, "Twendeni nje. Usanifu hauko ndani ya hiyo sanduku." Tukamfuata hadi barabarani, tukasimama ng'ambo ya safu ya maduka, wanafunzi wazima na vitabu vyetu, watu wakitupita na kushangaa.

"Finyeni macho," alisema. "Finya mpaka herufi zipotee. Sasa niambieni, nini imebaki?"

Siku ya kwanza tulifinya macho tukiangalia duka la nyama. Maandishi yalikuwa mekundu juu ya ukuta wa kahawia, na tulipofinya, duka zima liliyeyuka likawa ukuta mtupu. Jirani yake lilikuwa duka la dawa, msalaba mweupe juu ya kijani. Hata ukikaribia kufumba macho kabisa, msalaba ulikuwa pale. Hapo ndipo tulipoelewa utofauti wa rangi, kabla hata hatujaandika neno hilo daftarini.

Mwenye nyama alitoka nje na kisu mkononi.

"Nyinyi watu, kuna nini kwa duka yangu? Mbona mnaniangalia hivyo?"

"Tunasoma bango lako, mzee," Mwalimu akamjibu.

"Na mnaona nini?"

"Hatuoni kitu."

Yule mzee alivuka barabara, akasimama katikati yetu na kisu chake, akafinya macho. Alikaa hivyo kitambo. "Ai," akasema. "Kwani mimi siko?" Baadaye alipaka ukuta rangi nyeupe, akatuma watu wamwite Mwalimu aende kuangalia. Alienda, akafinya macho, akasema, "Inasomeka." Hilo ndilo lilikuwa neno lake kubwa la sifa. Hakuwa na lingine. Kuna wanafunzi walimaliza masomo bila kulisikia.

Mimi ni mtu wa Kathiani, kwa wakulima, kwa hivyo mambo ya mstari niliyashika haraka, maana aliyafundisha kwa shamba. Alisimama nyuma yangu siku moja, akaangalia kadi niliyokuwa nikiipanga kwenye skrini, aya moja imeanzia hapa, nyingine pale.

"Mama yako anapanda mahindi ovyo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Anavuta kamba?"

"Anavuta."

"Basi mbona maandishi yako yamesimama kama mahindi iliyojiotea?"

Ukaribu wa vitu alitufundisha kwa kadi ya harusi. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandika jina la bwana harusi juu kabisa, na jina la bibi harusi akalisukuma chini, kando ya maelezo ya chakula. Mwalimu aliitazama kadi kwa muda mrefu. "Huyu msichana," akauliza polepole, "anaolewa na mpishi?" Tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Alisema watu wa boma moja huketi pamoja, na mgeni huketi kando, na mtu akiingia tu mlangoni anajua nani ni wa nani bila kuuliza. Ukurasa ni hivyo hivyo.

Lakini kitu alichokifundisha kuliko vyote ni nafasi tupu, na ndicho tulichokipinga kuliko vyote. Sisi tuliona mahali wazi kama shamba lililokosa kulimwa. Tukiona pembe tupu tulipachika ua, nyota, kivuli, njiwa. Mwalimu alipita akisema neno moja: "Ondoa." Ukiuliza nini, alisema, "Chochote. Anza na kile unachokipenda sana."

Siku moja nilimbishia. Nilimwambia mteja anataka kuona kazi imefanywa, hataki karatasi nyeupe. Alivuta kiti, akaketi kando yangu, na kwa mara ya kwanza alinieleza kwa urefu.

"Huyo mtu atasoma hii kitu," alisema, "amechoka. Ameamka alfajiri, amekamua ng'ombe, amefika mjini, amesoma mabango yote ya stendi, amepigiwa kelele na kila mtu anauza kitu. Jicho lake limechoka. Sasa wewe unamwongezea mzigo? Muachie mahali pa kupumzika, ndio aone ile kitu moja uko nayo ya kumwambia."

Nadhani alikuwa akijizungumzia yeye mwenyewe. Sikuwahi kukutana na mtu aliyewaza juu ya uchovu wa watu wengine kama yeye. Mstari, umbo, rangi, herufi, mizani, vyote hivyo aliviona kama njia za kumpunguzia mtu kazi.

Nyumbani kwake ilikuwa hadithi nyingine. Tulipomtembelea mara ya kwanza hatukujua pa kuketi. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa mto, juu ya mto kitambaa kingine. Kalenda za miaka iliyopita zilining'inia moja juu ya nyingine. Kulikuwa na maua ya plastiki juu ya televisheni na mengine ndani ya televisheni nyingine iliyokufa. Mmoja wetu akathubutu: "Na nafasi tupu, Mwalimu?"

"Nafasi tupu ni ya kazi," akasema akimwaga chai. "Hapa ni nyumbani."

Alichukia herufi za dhahabu zenye mikia, akazikataza darasani kabisa. Halafu kwaya ya akina mama ya kanisani kwake ikawa na harambee, na kadi ikatoka imejaa dhahabu na mikia tele, kazi ya mikono yake. Tulipomwonyesha, aliinua mabega. "Ukibishana na kwaya utaimba peke yako."

Upole hakuwa nao. Aliweza kufuta kazi yako mbele ya darasa, akakuambia, "Anza tena," akaenda zake. Nilimwambia siku moja, nikiwa na hasira, kwamba ile kazi nilikuwa nimeifanya wiki nzima. "Msomaji hajui wiki yako," alijibu. Saa ya mapumziko alikuja na kifuniko cha thamosi yake kimejaa chai, akakiweka mezani kwangu, akaondoka. Sijui kama ilikuwa ni kuomba radhi. Niliinywa.

Wakati wa kampeni mgombea mmoja alikuja chuoni na msafara wake, akitaka bango. Alitaka uso wake, rangi za chama, masomo yake yote, picha akipeana magodoro, na maneno ya kauli mbiu kwa lugha tatu.

"Mheshimiwa," Mwalimu akamuuliza, "unataka mtu ajue nini kwanza?"

"Kila kitu."

"Basi hatajua kitu."

Mgombea alikasirika, akapeleka kazi kwingine, na mabango yake yakajaa kila nguzo kutoka mjini hadi barabara kuu, yamesongamana kama sanduku la msafiri. Akashinda. Tulimwendea Mwalimu tukidhani tumempata. "Ameshinda, Mwalimu!" Alikuwa akisahihisha kazi, hata hakuinua kichwa. "Watu walikuwa wanamjua. Bango halikumsaidia wala halikumdhuru. Msiipatie karatasi nguvu haina." Wengine walisikitishwa na jibu hilo, maana walikuwa wamekuja chuoni wakiamini watabadilisha dunia kwa rangi.

Mume wake tulimwita Mzee, kama yeye alivyomwita. Alikuwa fundi wa pampu za maji. Maisha yake yote aliyamaliza kwenye visima vya Masinga na kwingineko, na alipostaafu kazi yake ilikuwa kumngojea mkewe kwenye lango la chuo, na mwavuli, mvua iwe ipo au isiwepo. Alitusalimia wote kwa mkono, hata tukiwa thelathini. Ukimpa nafasi alikueleza vile pampu inavyopoteza nguvu kabla haijafa, na kwamba ukisikiliza vizuri inakuambia mapema.

Mwaka niliomaliza, Mzee alianza kutusalimia mara mbili. Kisha tatu. Mwalimu alimshika mkono, akamgeuza taratibu kuelekea nyumbani, akatuambia akiwa ametupa mgongo, "Kesho." Hakuwahi kulizungumzia darasani. Alizidi tu kuchoka. Alianza kuchelewa, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa, na siku nyingine alisahau kuvua kile kiatu.

Mimi nilifungua duka langu la kuchapisha karibu na soko, na tukawa tunaonana mara moja moja. Asubuhi moja nilikuwa ndio nimewasha mashine alipoingia. Alikuwa amevaa leso kichwani vibaya, mkoba hana.

"Mzee hakulala nyumbani," akasema. "Jana nilienda kuteka maji, nikarudi mlango uko wazi. Tumetafuta kila mahali. Polisi wameandika. Nitengenezee bango."

Nilimpa kiti, hakukaa. Alisimama nyuma yangu, vile vile alivyosimama chuoni, nami nikafungua ukurasa mtupu. Nikaandika ANATAFUTWA juu, kwa herufi nene. Nikaacha mahali pa picha. Nikaandika jina lake, na kwamba ana shida ya kumbukumbu.

"Ongeza kofia," Mwalimu akasema. "Alivaa ile kofia ya buluu."

Nikaongeza.

"Ongeza ni fundi. Ukimwita jina hageuki siku hizi, lakini ukimwita fundi anageuka."

Nikaongeza.

"Andika hanywi chai ya sukari. Sukari inamdhuru. Andika mguu wake wa kulia unamuuma akitembea sana, wamkalishe. Andika ni Mkatoliki. Andika usimshike ghafla kutoka nyuma, anaogopa. Andika akikuambia anaenda kazini usimbishie."

Niliandika yote. Herufi zilizidi kuwa ndogo kadiri nilivyoandika, na picha ikazidi kusukumwa pembeni, hadi ukurasa ukajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Vidole vyangu vikasimama. Nilisubiri aone. Alikuwa amesimama pale pale, anaangalia skrini, na hakuona.

"Mwalimu," nikasema. "Pamejaa."

Alivuta leso yake kichwani.

"Mtu atapita na pikipiki. Hatasoma hii yote."

"Najua."

"Tuondoe nini?"

Aliinama karibu na skrini, akasoma mstari baada ya mstari, midomo ikitembea. Alinyoosha kidole kwenye ule wa sukari, akakirudisha. Akanyoosha kwenye ule wa mguu, akakirudisha. Halafu akageuka, akaenda kusimama mlangoni akiangalia soko.

"Ondoa wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Nikaanza kuondoa. Nilifuta sukari. Nilifuta mguu, nikafuta kanisa, nikafuta kule kuogopa. Niliacha kofia ya buluu na neno FUNDI. Kila nilipofuta mstari niliuona mgongo wake pale mlangoni, na ingawa hakuweza kuona skrini kutoka pale, nilihisi anajua ni upi umekwenda.

Halafu tukawa na picha mbili. Moja alikuwa amevaa suti, harusini kwa binti wa dada yake, anatabasamu na ndevu zimekatwa vizuri. Nyingine ilipigwa majuzi na simu: ndevu nyeupe zimeota ovyo, macho yanaangalia kando ya kamera kama yanamtafuta mtu.

"Weka ya suti," akasema. "Watu wasimwone hivyo."

"Lakini ndivyo alivyo sasa, Mwalimu. Wakitafuta huyu wa suti hawatamwona."

Aliishika ile simu muda mrefu. "Weka hiyo ingine," akasema hatimaye, na hapo ndipo alipokaa.

Tulichapisha, tukabandika. Stendi, hospitali, masoko, makanisa, Kathiani, na pale Kyumbi njia zinapokutana, ambapo kila mtu husimama kununua kitu. Lilikuwa bango zuri. Nasema bila kujisifu, maana yote yaliyokuwa ndani yake ni yake yeye. Ungelifinyia macho ukiwa mbali ungeuona uso, na neno moja.

Mzee alipatikana siku chache baadaye Ndithini, upande wa Masinga, mbali kabisa na pale tulipobandika. Katekista alipiga simu kwa katekista mwingine, habari ikafika parokiani kwetu. Nilienda na Mwalimu kumchukua, na jirani yake mmoja aliyekuwa dereva. Tulimkuta ameketi nje ya nyumba ya mama mmoja mzee, sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, magotini, kofia ya buluu kichwani, anakula kwa utulivu.

"Alikuja kwa miguu jioni," yule mama alitueleza. "Akasema amekuja kuangalia pampu. Mimi nikamkumbuka. Miaka ile alitutengenezea pampu ya kijiji. Nikamwambia karibu, fundi."

"Na pampu iko wapi?" niliuliza.

"Haiko. Ilitolewa zamani sana. Lakini alitaka kuiona, nikampeleka pale ilikuwa. Akapiga magoti, akaweka sikio chini. Akasema ataleta vifaa kesho. Kila siku anasema kesho."

Mwalimu alimshukuru kwa Kikamba na kwa Kiswahili, asante, ni muvea, mwaitu, asante, mama. Halafu akauliza, "Uliona bango letu?"

"Bango gani?"

"Sawa," Mwalimu akasema. "Hakuna shida." Akachuchumaa mbele ya mumewe akamfunga kamba za viatu. "Fundi, twende. Vifaa viko nyumbani." Mzee akainuka mara moja akatufuata.

Baada ya wiki nyingi nilipita Kyumbi, nikaona bango moja bado liko kwenye nguzo. Jua lilikuwa limelila. Uso wa Mzee ulikuwa umebaki buluu tupu, kama mtu aliye chini ya maji. Nilimpigia simu Mwalimu kumwambia, nikidhani labda angetaka kujua.

"Nyekundu ndiyo hutoka kwanza," alisema, kwa sauti ya darasani. Halafu: "Nenda ulitoe. Watu wasiendelee kumtafuta mtu ako nyumbani." Nikarudi nikalibandua.

Aliacha kufundisha mwaka huo. Hakukuwa na sherehe; aliomba hivyo. Mimi kazi zilinisonga, na nikaacha muda mrefu upite kabla sijamtembelea. Nilienda mwaka huu, Jumamosi mchana, na maziwa na mkate.

Sebuleni nilisimama nikatazama. Vitambaa vyote vilikuwa vimeondoka. Kalenda, maua, mito, zile televisheni, hakuna. Kuta nyeupe, viti viwili, meza. Mzee alikuwa kwenye kiti kimoja, mikono magotini, amekonda. Alinitazama kwa adabu.

"Alikuwa anaona watu kwa vitambaa," Mwalimu akanieleza jikoni. "Anaogopa. Nikatoa kimoja, akatulia. Nikatoa vyote." Alikuwa amezeeka. Miguu yote miwili ilikuwa imevimba sasa, akitembea bila viatu kabisa.

Kwenye mlango wa jikoni palikuwa na alama za gundi. Niliuliza ni za nini. Alisema mwanzo alibandika maneno: JIKONI, CHUMBA, CHOO, herufi kubwa nyeusi juu ya nyeupe. Yalifanya kazi kwa muda, kisha Mzee akaacha kusoma. Akachora picha badala yake, kikombe, kitanda, choo. Zikafanya kazi kwa muda, kisha akaanza kuuliza kwa nini kikombe kimegandishwa mlangoni, na akajaribu kukitoa anywe.

"Sasa niko na rangi peke yake," akasema. "Rangi ikiisha, sijui. Nitamshika mkono."

Akanionyesha ukumbini. Milango yote ilikuwa imepakwa nyeupe kama kuta, hata vitasa, ukipita huioni. Ule wa choo peke yake ulikuwa wa manjano, manjano ya kupiga kelele, umepakwa na mtu asiye fundi wa rangi, michirizi imekauka ikishuka. Nilikuwa bado nautazama mlango huo, Mzee alipoinuka kutoka kitini. Mwalimu alinishika mkono nisimsaidie. 

Alikuja ukumbini pole pole, mkono mmoja ukutani. Akapita mlango wa kwanza, akapita wa pili. Akasimama mbele ya ule wa manjano, akaukunjia uso.

"Nani amepaka hii mlango rangi mbaya hivi?" akauliza.

"Ni mimi, Fundi," Mwalimu akasema.

Mzee akamtazama, akautazama mlango, akatikisa kichwa kumsikitikia mtu aliyefanya kazi hiyo. Halafu akaufungua, akaingia, akaufunga nyuma yake.

Mwalimu aliachilia mkono wangu. Aliegemea ukuta, akafumba macho, na kwa kitambo nilidhani amelala akiwa amesimama. Ndani maji yakasikika.

"Njoo tunywe chai mbio mbio," akasema, "kabla hajatoka."